Kazi ya Rangi katika Filamu na Televisheni: Kinachofanyika Kati ya Kamera na Skrini

Katika majira ya joto ya mwaka 1999, ndugu Joel na Ethan Coen walikuwa katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, wakipiga filamu ya O Brother, Where Art Thou?, hadithi ya wafungwa watatu watoro katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Walichokitaka kwenye skrini ni nchi kavu yenye vumbi na nyasi zilizoungua kwa jua, mfano wa kadi za posta za zamani zilizotiwa rangi kwa mkono. Walichokikuta mahali pa kazi kilikuwa kijani kitupu: miti, mashamba na kando za barabara vilikuwa vimestawi kwa mvua na joto la msimu. Mpiga picha wao mkuu, Roger Deakins, alijaribu kwanza njia za maabara ya filamu, na hakuna iliyompa alichokuwa akikitafuta.

Sababu ya njia hizo kutofaa inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu kinachotofautisha ufundi wa jana na wa leo. Maabara iliweza kuacha madini ya fedha ndani ya filamu wakati wa kuisafisha, na matokeo yake yakawa rangi zote kupauka kwa pamoja na vivuli kuwa vizito. Iliweza pia kupunguza kijani katika picha nzima, lakini kijani kikipungua kila mahali, nyuso za waigizaji, mashati meupe na mawingu navyo huelekea rangi ya majenta, ile nyekundu-zambarau iliyo mkabala wa kijani. Hapakuwa na taa wala dawa iliyoweza kushughulikia majani na kuuacha uso. Ndipo ikaamuliwa kwamba negativu yote, yaani filamu ya kamera ambayo mwanga na rangi zake zimegeuzwa kinyume, isomwe kwa mashine na kugeuzwa kuwa data, majani yachaguliwe kwa rangi yake, kijani chake kisogezwe kuelekea manjano ya nyasi kavu, kisha picha iliyokamilika iandikwe upya kwenye filamu ili kumbi za sinema ziweze kuionyesha. Ilikuwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza za Hollywood kupitishwa nzima katika njia hiyo, na katika miaka iliyofuata njia hiyo ikawa ndiyo ya kawaida.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na kwa haki, lakini kimewaachia watu wengi picha isiyo kamili kuhusu kazi ya rangi, yaani ile hatua inayofuata uhariri, ambapo mwangaza, kontrasti (tofauti kati ya mwanga na giza) na rangi za kila shoti, yaani kila kipande cha picha kisicho na mkato, hupangwa kabla filamu haijatoka. Wengi hudhani kwamba fundi wa rangi ni mtu wa kugeuza kijani kuwa manjano au mchana kuwa usiku. Naamini kwa dhati kwamba sehemu kubwa zaidi ya ufundi huu, na iliyo ngumu zaidi, ni ile ambayo mtazamaji haioni kabisa: kuufanya mwanga wa saa nyingi, wa kamera nyingi na wa mahali pengi uonekane kuwa mwanga mmoja, na kuulinda uso wa binadamu usipotee katika safari hiyo.

Taa tatu za maabara

Kwa miongo mingi rangi ya filamu ilirekebishwa kwa mwanga wenyewe. Negativu iliyotoka kwenye kamera ilipitishwa pamoja na filamu mpya kwenye mashine ya kuchapishia nakala, na mwanga wa mashine hiyo uligawanywa katika nyekundu, kijani na bluu. Katika mashine za Bell & Howell, ambazo zilienea katika maabara kuanzia miaka ya 1960, kila mmoja wa mianga hiyo mitatu ulikuwa na kipimo cha kufikia 50, na fundi aliandika namba tatu kwa kila shoti ya filamu nzima. Namba 25-25-25 zilihesabiwa kuwa katikati, na kupanda au kushuka kwa hatua moja kulibadilisha mwanga kwa takribani asilimia 6. Kwa kuwa nakala ilizaliwa na negativu, mambo yote yalikwenda kinyume: kuongeza mwanga mwekundu kulifanya picha ielekee siani, ile bluu-kijani iliyo mkabala wa nyekundu, na kuongeza mianga yote mitatu kuliifanya iwe na giza zaidi. Nakala ya kwanza ilitazamwa ukumbini na mwongozaji pamoja na mpiga picha, masahihisho yakaandikwa, na nyingine ikachapishwa.

Namba tatu kwa shoti, bila uwezo wa kugusa kontrasti wala kona moja ya picha, ni zana ndogo mno kwa macho ya leo. Hata hivyo filamu nyingi zinazosifiwa hadi sasa kwa uzuri wa rangi zake zilikamilishwa kwa namba hizo tu. Uchache wa zana uliwalazimisha watu kuamua mapema: rangi ya kuta, kitambaa cha nguo, saa ya kupiga picha na aina ya filamu vilichaguliwa kwa kujua kwamba maabara haitaokoa kitu. Wapo wapiga picha ambao mpaka leo humwambia fundi wa rangi aongeze hatua mbili za bluu, na programu za kisasa zimewahifadhia vitufe vya kufanya hivyo.

Televisheni ilifika kwa njia yake. Mashine za kuhamishia filamu kwenye mkanda wa video ziliruhusu rangi kurekebishwa kwa umeme, na kampuni ya da Vinci, iliyoanzishwa Florida mwaka 1984, ilijijengea jina kwa mitambo iliyoweza kuchagua rangi moja na kuibadilisha bila kugusa nyingine. Matangazo ya biashara na video za muziki zilinufaika na uwezo huo miaka mingi kabla ya sinema. Mitambo hiyo iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mwaka 2009 Blackmagic Design iliinunua da Vinci; mwaka 2010 ikaanza kuuza programu ya Resolve kwa kompyuta za Mac kwa dola 995; na mwaka 2011 ikatoa toleo la bure. Ndiyo maana leo kijana mwenye kompyuta ya mkononi Kinondoni au River Road anamiliki zana ambazo miaka michache kabla zilikuwa za studio tajiri peke yake. Zana zimesambaa upesi kuliko maelezo ya namna ya kuzitumia, na pengo hilo ndilo linalonifanya niandike.

Kwa nini picha ya kamera hutoka imepauka

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza faili la kamera ya sinema hushtuka: picha haina nguvu, nyeusi ni kijivu, nyeupe ni kijivu kingine, na rangi zimefifia kana kwamba kuna ukungu mbele yake. Wengi huamini kuwa hapo ndipo fundi "huweka" rangi. Ukweli ni kwamba rangi zimo zote, ila zimefungwa kwa utaratibu wa hesabu ambao haukukusudiwa kutazamwa.

Sensa ya kamera, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, huuhesabu mwanga huo kwa mstari ulionyooka: mwanga ukiongezeka maradufu, namba nayo huongezeka maradufu. Wapiga picha hukiita kila kiwango hicho cha kuongezeka maradufu stopu moja. Ukiziandika namba hizo jinsi zilivyo, stopu moja ya juu kabisa, ile ya mawingu na mng'ao wa bati, hula nusu nzima ya namba zote zilizopo, inayofuata hula robo, na vivuli vyote, pamoja na nyuso zilizo kivulini, hubakiwa na makombo. Kwa hiyo watengenezaji wa kamera hutumia mkunjo wa logarithi, ambao huipa kila stopu mgao unaokaribiana. Kodak ilitumia wazo hilo katika mfumo wake wa Cineon mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya kusoma filamu. ARRI ina Log C, Sony ina S-Log, Canon na Panasonic zina yao. Kamera ya Alexa, iliyotoka mwaka 2010, hubeba takribani stopu 14 katika mkunjo wake, kiasi ambacho skrini ya kawaida haiwezi kukionyesha kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ya fundi, kabla ya ladha yoyote, ni kuufungua mkunjo huo kwa usahihi na kuamua ni sehemu gani ya stopu hizo itakayopewa nafasi kwenye skrini.

Hapa pana onyo la kiutendaji. Faili la biti 8 lina ngazi 256 tu kwa kila rangi ya msingi, la biti 10 lina 1,024, na la biti 12 lina 4,096. Ukiubana mkunjo wa logarithi ndani ya biti 8, kisha ukauvuta ili kontrasti irudi, ngazi hizo chache huachana na kwenye anga la bluu hutokea mistari kama ngazi za nyumba. Hakuna fundi anayeweza kuirejesha ngazi ambayo haikuandikwa. Kwa mwenye kamera ndogo ya biti 8, mara nyingi ni busara zaidi kupiga kwa rangi ya kawaida iliyopangwa vizuri kuliko kupiga kwa mkunjo wa logarithi kwa sababu tu wakubwa hufanya hivyo.

Kusawazisha

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Meza ya fundi wa rangi huwa na mipira mitatu ya kuzungusha: mmoja wa vivuli, mmoja wa mwanga wa kati, mmoja wa sehemu angavu. Kwa kila mpira anaweza kusukuma rangi kuelekea upande wowote, na kwa gurudumu lililouzunguka anaweza kupandisha au kushusha mwangaza wa eneo hilo. Programu nyingi hukubali pia seti fupi ya namba zilizowekwa na chama cha wapiga picha wa sinema wa Marekani, ASC, ili masahihisho yaliyofanywa mahali pa kupigia picha yaweze kuhamia kwenye chumba cha rangi bila kupotea. Vifaa vyenyewe hujifunzwa kwa siku chache. Kinachochukua miaka ni kujua nini cha kukitazama.

Fikiria mtu aliyeketi chini ya mwembe huko Murang'a saa sita mchana. Anapokea mianga mitatu kwa pamoja: ule uliopenya kwenye majani, ambao ni wa kijani, ule wa anga unaoingia kutoka pembeni, ambao ni wa bluu, na ule uliogonga udongo mwekundu na kurudi juu, ukitia wekundu chini ya kidevu na chini ya pua. Akiwa amejifunga kanga ya manjano, nayo itaongeza mwanga wake shingoni. Aliyesimama pale hauoni mchanganyiko huo, kwa sababu ubongo huyazoea mazingira na kuusahihisha. Kamera huurekodi wote. Mtazamaji aliyeko sebuleni, ambaye hayumo chini ya mwembe huo na macho yake hayajauzoea mwanga wake, atauona uso wa kijani na kumdhani mtu huyo mgonjwa. Fundi hawezi kuondoa kijani chote, maana kivuli kisicho na kijani hakitaaminika kuwa cha mwembe. Anakipunguza mpaka uso uwe uso na kivuli kibaki kivuli.

Ongeza sasa suala la saa. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima. Likiwa nusu ya anga saa tisa alasiri, saa kumi na mbili limegusa upeo, na baada ya hapo mwanga wa kutosha kufanyia kazi hudumu dakika 20 hivi, wakati London katika mwezi wa Juni mwanga wa namna hiyo hudumu zaidi ya mara mbili ya muda huo. Mwongozaji anayepiga mazungumzo ya watu wawili Bagamoyo huanza na upande wa mama saa tisa, na akifika upande wa mtoto saa kumi na moja na nusu jua limekuwa la dhahabu, vivuli vimerefuka, na anga limebadilika rangi. Mhariri huzikata shoti hizo kwa kupokezana, sentensi kwa sentensi, na kila mkato unamrusha mtazamaji kutoka alasiri hadi jioni na kumrudisha tena. Fundi huchagua shoti moja iwe kipimo, kwa kawaida ile pana inayoonyesha mahali pote, huisimamisha pembeni mwa skrini, na kuzileta nyingine kwake moja baada ya nyingine. Mwangaza unaweza kulinganishwa, na joto la rangi pia. Mwelekeo wa vivuli hauwezi. Mpiga picha anayejua hilo huyashughulikia mapema yale ambayo hayatarekebishika: humgeuza mwigizaji, hutandika kitambaa cha kuzuia jua, au huahirisha.

Katika kulinganisha huko macho ni shahidi wa kwanza, lakini si wa pekee, kwa kuwa hudanganyika. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins huko Paris, alipokea malalamiko kwamba nyeusi iliyokuwa ikitumiwa ilikuwa dhaifu. Alipochunguza aligundua kwamba dawa haikuwa na kosa. Udhaifu ulitokana na rangi zilizofumwa kando ya nyeusi hiyo. Kitabu chake cha mwaka 1839 kuhusu namna rangi mbili zinavyobadilishana zikikaa pamoja bado kinaeleza kilicho mbele ya fundi wa leo: uso uleule mbele ya ukuta wa kijani huonekana mwekundu kuliko ulivyo mbele ya ukuta wa mchanga. Kwa sababu hiyo chumba cha rangi hupakwa kijivu kisichoelemea upande wowote, huwekwa taa hafifu yenye weupe uleule wa skrini nyuma yake, na fundi husimama kila baada ya muda ili macho yapumzike. Kwa sababu hiyohiyo kuna vipimo: grafu inayoonyesha mwangaza wa picha kutoka kushoto hadi kulia, grafu ya rangi tatu za msingi zikiwa bega kwa bega, na vektaskopu, duara linaloonyesha kila rangi ilipo na imekolea kiasi gani. Vipimo havisemi kama picha ni nzuri. Husema kama leo macho yako yanakuambia kweli.

Picha ikishasawazishwa, ndipo yanapokuja madirisha, yaani maumbo ambayo fundi huyachora juu ya sehemu ya picha ili airekebishe peke yake, na programu huyafanya yamfuate mwigizaji anapotembea. Anga linaweza kutulizwa, na ukuta mweupe unaoiba macho unaweza kushushwa. Kazi hii ina utamu wake, nayo huharibika upesi ikizidishwa, kwa sababu mtazamaji akishaliona duara la mwanga linalomfuata mtu uani, haachi kuliona.

Uso

Katika vektaskopu nyingi pana mstari mmoja uliochorwa kuelekea upande wa rangi ya chungwa. Umerithiwa kutoka mfumo wa televisheni ya rangi uliopitishwa Marekani mwaka 1953, na mafundi huutumia kama mstari wa ngozi, kwa kuwa ngozi za watu wa kila asili, zikiangazwa na mwanga mweupe, huangukia karibu nao. Kinachotofautiana zaidi kati ya ngozi na ngozi ni mwangaza na ukolevu. Jambo hili lina uzito mkubwa kwetu, na historia yake si nzuri.

Kwa miaka mingi Kodak ilizipelekea maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na nakala ilihesabiwa kuwa sahihi kama ngozi yake ilikuwa sahihi. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika makala yake ya mwaka 2009, ameeleza kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri kwenye picha, yalichangia filamu kuboreshwa katika eneo la rangi hizo. Mazoea yaliyojengwa juu ya kadi hiyo yaliishi kuliko kadi yenyewe: hata leo wapo wanaofundishwa namba moja ya mwangaza wa uso, namba iliyopimwa kwa ngozi nyeupe.

Akiifuata namba hiyo kwa mwigizaji mweusi, fundi hupandisha mwanga wa kati mpaka ngozi ipoteze ukolevu wake na kuwa na rangi ya majivu, huku chembechembe za kelele za sensa zikijitokeza kwenye vivuli. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kwa jumla, lakini mng'ao wake juu ya paji, shavu na pua huwa wazi zaidi, na mng'ao huo hubeba rangi ya chanzo cha mwanga: dirisha huacha bluu, taa ya kandili huacha dhahabu. Umbo la uso husomeka kwa mng'ao huo. Kwa hiyo kazi nzuri huiacha nyeusi ya picha mahali pake, huulinda ukolevu katika mwanga wa kati, huuacha mng'ao uwe na rangi yake, na hushusha mandhari ya nyuma ikiwa uso unahitaji kutofautishwa nayo.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Moonlight ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Barry Jenkins na kupigwa Miami na James Laxton, huku kazi ya rangi ikifanywa na Alex Bickel. Badala ya kuzipaka nyuso za waigizaji poda ya kuzima mng'ao, kama ilivyo desturi, waliziacha zing'ae kwa mafuta, kama ngozi inavyong'aa katika joto la mji ule. Kisha katika chumba cha rangi kila sehemu ya hadithi, zilizo tatu, ilipewa tabia ya filamu tofauti ya zamani: ya kwanza Fuji, ya pili Agfa, ya tatu Kodak. Vivuli ni vizito, kontrasti ni kali, na hakuna uso unaopotea. Filamu hiyo ilitengenezwa kwa fedha kidogo, jambo linaloifanya iwe somo la karibu zaidi kwa watengenezaji wa Tanzania na Kenya kuliko nyingi zilizogharimu mamilioni mengi.

Mwonekano wa jumla

Ni baada ya hayo yote ndipo unapokuja mwonekano wa jumla wa filamu, ile rangi ambayo watu huikumbuka. Ule ulioenea zaidi katika miaka ya 2000, wa vivuli vya bluu-kijani na nyuso za chungwa, una mantiki: ngozi iko upande wa chungwa, na rangi iliyo mkabala wake katika duara la rangi ni bluu-kijani, hivyo vivuli vikisukumwa huko nyuso hujitenga na mandhari bila taa ya ziada. Pwani yetu tayari ina bahari ya rangi hiyo na kuta za mawe ya matumbawe zenye joto la rangi ndani yake. Kuisukuma zaidi mara nyingi huipunguzia ukweli kuliko inavyoiongezea nguvu.

Lipo pia pazia la manjano. Traffic, filamu ya mwaka 2000, iliigawa hadithi yake kwa rangi, Mexico ikiwa ya tumbaku na Ohio ya bluu baridi, na ndani ya filamu hiyo rangi zilimsaidia mtazamaji kujua yuko wapi. Baadaye manjano hayo yakageuka mazoea ya kuonyesha nchi yoyote ya joto, Afrika ikiwemo, kama nchi ya vumbi na hatari. Inanisikitisha kuyaona manjano hayohayo yakiwekwa na sisi wenyewe juu ya picha za Iringa asubuhi yenye ukungu, au Kampala baada ya mvua, ambako mwanga halisi ni wa baridi, laini na wa kijani, na haufanani na wa mahali pengine popote.

Mara nyingi chanzo ni faili la LUT lililonunuliwa mtandaoni. LUT ni jedwali: inapoingia namba hii, itoke namba ile. Jedwali halijui kama shoti ilipigwa mchana au jioni, kama imezidiwa mwanga au imepungukiwa, wala kama ilitoka Sony au Canon. Likiwekwa juu ya shoti ambazo hazijasawazishwa, huzidisha tofauti zake. Likiwekwa baada ya kusawazisha, na kwa kiasi, linaweza kufaa sana.

Skrini ya mwisho

Kipimo cha televisheni ya HD, kinachojulikana kama Rec. 709, huchukulia skrini yenye mwangaza wa niti 100 (niti ni kizio cha kupimia mwangaza wa skrini) katika chumba chenye mwanga hafifu. Ukumbi wa sinema huwa na niti 48 katika giza. HDR, mfumo wa picha zenye masafa mapana zaidi ya mwangaza, kwa kipimo kilichochapishwa mwaka 2014, unaweza kuandika hadi niti 10,000, ingawa nakala nyingi hukamilishwa kwa niti 1,000. Kwa hiyo filamu moja hupaswa kuwa na nakala zaidi ya moja, na kila nakala hutazamwa yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hesabu ya kuteremsha HDR kuwa picha ya kawaida huamua vibaya hasa pale penye dirisha angavu nyuma ya mtu.

Watazamaji wengi wa Kiswahili, hata hivyo, huzipata filamu na tamthilia kwenye simu, nje, mwangaza wa skrini ukiwa juu na data ikiwa imebanwa. Jua linaloangukia kioo huvimeza vivuli kwanza, na mbano wa video huviharibu vivuli hivyohivyo kwa vijisanduku. Jibu la baadhi ya watu ni kuipandisha filamu nzima, na huko ndiko kuiharibu kwa kila mwenye televisheni nzuri. Fundi mwangalifu hukamilisha kwanza nakala kuu kwenye monita iliyopimwa usahihi wake, kisha huitazama kwenye simu ya kawaida yenye bei ya chini, akitafuta jambo moja tu: shoti ambazo hisia ya mhusika imebebwa na kivuli. Pale uso unapopotea huuinua uso huo peke yake kwa dirisha laini, kidogo kuliko anavyotamani, na kuiacha nyeusi inayouzunguka ibaki nyeusi.